Maoni: Tuwaache vijana wa Kibombo wajifunze kompyuta kwa kutengeneza majalada ya nyimbo

Kuna kijana mmoja pale Kibombo, si mbali na stesheni ya treni, ambaye hajakanyaga darasa la informatiki hata siku moja. Alimaliza sekondari, akashinda mtihani wa serkali, pesa ya chuo kikuu ikakosekana, akarudi nyumbani kumsaidia mama yake kuuza mafuta ya mawese. Leo, ukiwa na wimbo pale Kibombo, uwe kwaya ya kanisa ama kundi la rap, ni yeye utaenda kumuona akutengenezee posheti, yaani jalada la albamu. Ana kompyuta moja ya zamani ambayo betri yake imekufa. Inaishi kwa sola ya jirani: wingu likipita, kazi imelala. Jina lake sitaliandika kwa sababu aliniomba nisiliandike, na mbele kidogo utaelewa kwa nini.

Nilikuwa nimetoka Kindu kwa habari nyingine kabisa, habari ya bei ya mchele. Simu yangu ilikufa moto njiani, nikaelekezwa kwenye kajumba kanakochaji telefone na kufanya fotokopi. Nikamkuta ameinama mbele ya skrini, anakata nywele za mwimbaji mmoja ili amtoe mbele ya ukuta wa matope na kumweka mbele ya mto Lualaba. Unywele kwa unywele. Nilikaa pale saa mbili na nusu. Simu ilijaa zamani, mimi bado niko pale.

Nisema mawazo yangu wazi tangu mwanzo: kijana huyu anajua kompyuta kuliko wengi wetu tuliopewa diploma, na njia aliyopitia ndiyo tungepashwa kuifuata mashuleni mwetu. Mimi nilisoma miaka mitano uandishi wa habari. Somo la informatiki tulikuwa nalo, tena lilikuwa na pointi nyingi. Mwalimu alichora klaviye kwa chaki ubaoni, nasi tukaichora kwenye daftari. Tuliandika maana ya "mashine ya kuingiza" na "mashine ya kutoa". Nilipata 14 juu ya 20. Siku nilipokaa mara ya kwanza mbele ya kompyuta ya kweli, sikujua namna ya kuizima.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kwaya moja ya komini ya Mikelenge ilisikia kwamba mimi ni "mtu wa habari" na kwa hiyo najua mambo ya picha. Sikuwa na ujasiri wa kukataa. Walikuwa watu kumi na wawili, wote wamevaa nyeupe, nami nikawapiga picha mbele ya ukuta mweupe, saa sita mchana. Nilipojaribu kuwatenga na ukuta, mikono ilikatika, kanzu zikaliwa nusu, mama mmoja wa sauti ya kwanza akabaki na sikio moja. Nikaficha makosa kwa maandishi makubwa mekundu. Kwenye skrini ilionekana nafuu. Ilipotoka kwenye mashine ya kuchapa, nyuso zote zilikuwa na rangi ya majani ya muhogo. Kiongozi wa kwaya, papa mmoja mpole, aliangalia karatasi muda mrefu akaniambia: "Mwanangu, Mungu anaona roho." Hawakunidai pesa yao, na hiyo iliniuma zaidi.

Katika aibu ile ndimo nilimojifunzia. Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule fundi wa kuchapa kumuuliza kwa nini kijani. Akanieleza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa amenieleza: skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mwekundu, kijani na buluu, lakini mashine inachapa kwa wino, buluu ya maji, pinki nzito, manjano na nyeusi. Kuna rangi skrini inazionyesha ambazo wino hauwezi kuzifikia. Kwa hiyo unabadilisha namna ya rangi kabla ya kuchapa, na unachapa kipande kidogo cha kujaribu kabla ya kuchapa mia. Sijalisahau tena. Kitu kilichokuletea haya mbele ya watu kumi na wawili hakisahauliki.

Ukiangalia vizuri, jalada la albamu ni karibu masomo yote ya programu ya picha yaliyofungwa katika mraba mmoja. Chukua kipimo chenyewe. Karatasi ya CD ina sentimita 12 kila upande. Ukitaka ichapwe safi, kwa pikseli 300 kwa kila inchi ya kipimo, unahitaji pikseli 1417 kila upande. Kwa majukwaa ya muziki ya intaneti wanataka 3000 kwa 3000. Halafu picha ileile, msikilizaji ataiona kwenye telefone ikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kijana aliyeweka jina la mwimbaji kwa herufi nyembamba za kujipinda-pinda anagundua siku hiyo kwamba jina halisomeki. Anarudi, anafuta, anakuza, anaondoa maua. Hapo amejifunza jambo ambalo ma-ofisa wanaotuletea afishi za kampeni za chanjo bado hawajalijua.

Halafu kuna matabaka, ambayo wenyewe wanaita kaleki kwa sababu programu zao ziko kwa Kifaransa. Mto uko chini, mwimbaji juu yake, kivuli chake katikati, maandishi juu kabisa, kila kimoja kwenye karatasi yake isiyoonekana. Mtoto wa Kibombo anaelewa mara moja ukimwambia ni kama mama anavyopanga kitanda: mkeka, godoro, shuka, blanketi. Ukitaka kubadilisha shuka huondoi mkeka. Yule kijana alinionyesha faili moja lenye kaleki 41 kwa ajili ya kundi la vijana watatu. Kila moja ilikuwa na jina lake: "kivuli ya Lualaba", "kofia", "kofia 2", "meno". Nilimuuliza juu ya "meno". Akacheka: "Yaya, huyu alikuwa na doa ku jino. Nilitosha doa, jino nikaliacha. Kama unaweka jino mupya, mama yake atasema huyu haiko mutoto wangu."

Sentensi hiyo naihesabu kama somo la maadili ya kazi, na baadaye nitairudia.

Muziki wetu wenyewe ulianza bila picha. Mwaka 1952, pale Jadotville, tunayoiita leo Likasi, Hugh Tracey alirekodi gitaa la Jean Bosco Mwenda, na wimbo "Masanga" ukazunguka Afrika kusini na mashariki. Sahani za wakati ule ziliuzwa kwa kawaida ndani ya bahasha ya karatasi yenye jina la kampuni, na tundu katikati ili usome kibandiko. Watu wengi waliompenda Mwenda hawakujua sura yake. Huko Marekani, kijana mmoja wa miaka 22, Alex Steinweiss, alikuwa ameajiriwa na Columbia mwaka 1939, naye ndiye aliyewasukuma wakubwa wake waweke michoro juu ya majalada badala ya karatasi kavu. Mauzo yalipanda, kampuni nyingine zikaiga.

Kwa Afrika mfano ninaoupenda ni wa Lemi Ghariokwu, wa Lagos. Hakusoma shule ya sanaa. Alizaliwa mwaka 1955, na mwaka 1974 alichora jalada la "Alagbon Close" la Fela Kuti. Baada ya hilo akamchorea mengine, jumla 26. Ukipanga majalada yale kwa mstari, unaona mkono unavyokua mwaka hadi mwaka, kazi kwa kazi, mbele ya macho ya wanunuzi. Hapa kwetu, Chéri Samba alifika Kinshasa mwaka 1972 akaanza kwa kuchora mabango ya maduka na hadithi za picha. Leo michoro yake inatundikwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya. Wote wawili walisukumwa na mteja anayesubiri na tarehe inayokaribia.

Wengine wataniambia: hao ni wachoraji, kompyuta ni jambo lingine. Haya, tuangalie kompyuta. Photoshop ilianza mwaka 1987 kwa mwanafunzi, Thomas Knoll, aliyeandika programu ndogo ya kuonyesha picha za kijivu kwenye mashine yake, ndugu yake John akamtia moyo, na mwaka 1990 ikauzwa. GIMP, ambayo ni ya bure, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, kama kazi ya masomo. Zote mbili zimetoka mikononi mwa vijana waliokuwa wakitafuta kutenda kitu fulani.

Hapa niseme neno juu ya GIMP, maana ni jambo la mfuko. Photoshop ya siku hizi inalipiwa kila mwezi kwa dola na kwa kadi ya benki. Nani Kibombo ana kadi hiyo? Kwa hiyo vijana wanapokezana kwenye flashi toleo lililovunjwa kufuli, na pamoja nalo virusi vinavyokula mafaili ya sekretaria nzima. Nimeona mwenye duka moja Kindu akipoteza vyeti vya ndoa vya msimu mzima, na harusi zilikuwa Jumamosi. GIMP inaingia kwenye flashi hiyohiyo, haihitaji intaneti ikishawekwa, inatembea kwenye mashine nzee, ina Kifaransa, na ni halali. Sura yake si nzuri sana, nakubali, na wiki ya kwanza utaitukana. Wiki ya tatu umezoea. Na asiye na kompyuta kabisa aanze na telefone: wengi wa vijana wetu walianza na PixelLab au PicsArt, na vidole vyao vilijua matabaka kabla hawajagusa klaviye.

Kuna pia njia mpya, ya akili bandia. Unaandika maneno mawili, picha inatoka. Siilaani, lakini kwa kujifunza ni sawa na kununua fufu iliyokwisha kupikwa ukisema umejua kupika. Hivi karibuni nilionyeshwa jalada la kwaya lililotengenezwa hivyo: nyuso nzuri, kanzu zinang'aa, na mwanakwaya mmoja aliangalia akauliza, "Na mimi niko wapi?" Hakuwemo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwemo.

Sasa nirudi kwenye jino. Chombo kinachotoa doa kwenye jino ndicho kinachobadilisha jina kwenye diploma. Yule kijana wa Kibombo aliniambia kwamba tangu ajulikane kwa majalada, wanaomletea kazi si waimbaji pekee. Wameshakuja watu, tena watu wenye heshima zao, na karatasi ya mtihani wa serkali ya mtu mwingine: toa jina hili, weka hili, asilimia 50 ifanye 62. Wanatoa pesa nzuri. Kwa jalada la kawaida yeye anapata franka elfu kumi, na mara nyingi anapata nusu pamoja na baraka. Kwa karatasi moja ya uongo walimwekea mezani mara kumi ya hiyo. Alikataa. Nilimuuliza kwa nini. Aliniangalia kama nimeuliza upumbavu: "Yaya, ile asilimia 62 ya kweli, mimi niliitafuta na koroboi." Kibombo ni mji mdogo, waliokwenda kwake wanajuana, ndiyo maana jina lake halimo humu.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Maarifa haya yamekwisha kufika kwetu, hakuna atakayeyarudisha. Swali ni nani atamlipa kijana kwanza: mwimbaji, ama mwenye karatasi ya uongo. Kwaya inapomwambia fundi wake "Mungu atakulipa" huku imelipa studio, imelipa mafuta ya grupu na imelipa kitenge, inamsukuma mlangoni pa yule mwingine. Nawasema kwaya kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nina deni kwao tangu Mikelenge.

Katika siku za Januari na Februari 2025, wakati Goma na kisha Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23, makundi ya WhatsApp ya Kindu yalijaa picha. Nyingine zilikuwa za kweli, nyingine za vita vya zamani, nyingine zimeshonwa. Watu walifunga mizigo kwa sababu ya picha. Mimi nina diploma ya habari, lakini picha moja ilinishinda: askari wengi wakishuka kwenye mtumbwi mkubwa, na maneno kwamba ni Lualaba. Nilimtumia mtoto wa jirani, wa Alunguli, anayetengeneza majalada ya rap. Jibu lilikuja katika dakika tano: "Yaya, angalia kivuli. Huyu jua inamupiga ku kuume, bale bengine inabapiga ku kushoto. Jua iko mbili?" Kumbe mtu aliyehangaika usiku kucha kuweka kivuli cha mwimbaji kifanane na mwanga wa mto, jicho lake haliwezi tena kudanganywa kirahisi. Tangu siku ile, kabla sijapeleka picha yenye mashaka kwa mhariri, inapita kwanza kwa mtoto yule.

Sheria zipo. Kodi ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inawahusu wanaosambaza uongo kwa mitandao. Na kabla yake, tangu tarehe 5 Aprili 1986, tuna sheria inayolinda haki za mtunzi, na picha na mchoro vimo. Vijana wengi wanaochukua picha ya mto kutoka intaneti na kuiweka kwenye jalada hawajui kwamba mto ule una mwenye kamera. Na waimbaji wengi hawajui kwamba aliyewatengenezea jalada naye ni mtunzi, jina lake lina haki ya kuandikwa nyuma pale pamoja na mpiga gitaa. Ningependa mtu wa SOCODA afike Kibombo siku moja kulieleza hili kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kikusu.

Najua watakaonipinga, mmoja wao tunakaa naye ofisi moja. Anasema: umeme hakuna, barabara hakuna, wewe unatuletea majalada ya rap. Ana haki kwa umeme. Lakini siombi jengo jipya wala mradi wenye bango na bendera. Kindu ina vyumba vyenye kompyuta vinavyofungwa kila Jumamosi, katika vyuo, katika maparokia, katika mashirika. Kuna sola juu ya paa zake. Kifunguliwe kimoja tu, Jumamosi moja, wakae vijana kumi, mtu mmoja anayejua, flashi moja yenye GIMP, na kwaya moja ya kweli yenye wimbo wa kweli unaotoka Pasaka. Wasifundishwe maana ya klaviye. Waambiwe: albamu inatoka tarehe fulani, watu ni kumi na wawili, wamevaa nyeupe. Wakikosea, waonyeshwe kosa likiwa limechapwa, la kijani. Na atakayefanya vizuri alipwe pesa siku hiyohiyo, mbele ya wenzake, asiambiwe atapewa kesho.

Mwalimu mmoja wa sekondari pale Kibombo aliniuliza kama jambo hili lina pointi kwenye programu ya taifa. Sikujua nimjibu nini. Nilimwonyesha tu kaleki 41.

Juma lililopita kijana wangu aliniandikia. Anatengeneza jalada la wimbo juu ya safari, anataka picha ya vichwa vya treni pale stesheni ya Kindu, lakini hataki kuiba ya intaneti. Nilikwenda asubuhi, jua likiwa bado chini, nikapiga nne. Nimejaribu kuzituma mara tatu, rezo ya Kibombo imezikataa kwa sababu ni nzito, na yeye hataki nizipunguze, anasema zitavunjika akizikuza. Nimeziweka kwenye flashi. Motari anaondoka kesho saa kumi na moja ya asubuhi, na ameniambia niifunge kwenye plastiki mbili, njia ina maji.